Yabisi, kiowevu na gesi: pima kwanza, chora baadaye

Kila Jumamosi asubuhi huwafundisha sayansi watoto wa Gredi ya Saba na ya Nane hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, katika chumba chenye meza moja ndefu, sinki na jiko la gesi la mtungi wa kilo sita. Kabla sijasema lolote kuhusu hali za maada, huwagawia karatasi na kuwaambia wachore visanduku vitatu, kisha waweke humo chembe za yabisi, za kiowevu na za gesi. Karibu wote huleta mchoro uleule. Kwenye yabisi vidoti vimebanana. Kwenye gesi vimetapakaa. Kiowevu wanakiweka katikati kabisa: vidoti vimeachana, kati ya kimoja na kingine pana nafasi ya kupitisha vingine viwili.

Mchoro huo una kosa, na watoto hawakuubuni. Wameuona ubaoni na ukutani tangu shule ya msingi. Nikiwaambia tu kwamba umekosewa, wataandika ninavyotaka kisha warudie wa zamani siku ya mtihani. Kwa hiyo nimeacha kuwaambia. Nawapa vitu wapime, halafu nawarudishia karatasi zao. Hivi ndivyo tunavyofanya, hatua kwa hatua, nawe unaweza kufanya nyumbani au darasani kwa muda wa saa tatu hivi.

Neno moja kuhusu msamiati. Nitasema yabisi, ingawa wapo wanaosema mango. Nitasema kiowevu, ingawa wengine husema kimiminika. Na nikisema msongamano sina maana ya magari ya Mombasa Road, ingawa ukifikiri vizuri wazo ni lilelile: vitu vingapi vimejazwa katika nafasi ipi.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa

Kwa kemisti nunua sirinji mbili za mililita 20, bila sindano zake. Tafuta kipimajoto kinachofika digrii 110; kile cha homa hakifai, kinaishia 42 na ukikitia kwenye maji moto umekiua. Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja inatosha. Ongeza jagi lenye alama za mililita, rangi ya chakula, mshumaa, kifutio, mkebe mtupu wa soda, koleo ya jikoni, mpira wa kandanda wa saizi 5 na pampu yake. Mchanga mkavu na kokoto okota popote wanapojenga, na Nairobi sijui mtaa usiojengwa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, mimina maji mililita 100 kwenye chombo cha plastiki kilichonyooka pande zote, tia alama ya kalamu usawa wa maji, kisha kigandishe kwenye friza. Tutakihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Umbo

Hii hupita haraka. Weka kokoto kwenye bilauri, kisha kwenye bakuli: ni ileile. Mimina maji kwenye bilauri, kisha kwenye bakuli: yamechukua umbo la chombo, lakini jagi linasema bado ni kiasi kilekile. Ama hewa, fungua chupa ya manukato kwenye kona moja ya chumba na umwombe kila mtoto ainue mkono harufu ikimfikia. Mikono itainuka safu kwa safu mpaka ukutani. Gesi haina umbo na haina mpaka wake yenyewe. Inachukua chumba kizima.

Hapo ndipo mtoto mmoja mwerevu huuliza: na mchanga je? Mchanga unamiminika, unachukua umbo la bilauri. Ni kiowevu?

Usimjibu. Mwambie aumimine mezani. Mchanga utafanya kilima; maji hayafanyi kilima hata ukiyabembeleza. Kisha apige picha ya karibu kwa simu na kuivuta: kila punje ina kona zake na hazibadiliki. Mchanga ni yabisi nyingi ndogondogo. Halafu mwambie apime mililita 100 za mchanga mkavu na kumimina juu yake mililita 100 za maji. Watoto hutarajia 200. Kwangu hutoka kama 160, na wanaona mapovu yakipanda. Zile mililita 40 zilikuwa hewa iliyojificha kati ya punje. Jambo hilo lishikeni, litatusaidia.

Hatua ya 3: Bana

Vuta hewa kwenye sirinji ya kwanza mpaka 20. Kandamiza mdomo wake kwenye kifutio kisawasawa. Kidole nacho hufaa, lakini huvujisha. Sasa sukuma. Mtoto wa miaka kumi na miwili huifikisha hewa kwenye 10 akijikaza, na akiachia, pistoni inarudi yenyewe.

Rudia kwa maji. Toa povu lote kwanza: elekeza mdomo juu, gonga ubavu wa sirinji kwa kucha, sukuma mpaka tone litoke. Ukisahau hatua hii watoto watakuambia maji yanabanika, na kwa walichokiona watakuwa wamesema kweli. Povu likiisha, sukuma. Hakuna. Niliwahi kumpa mvulana mmoja mwenye kifua cha mchezaji raga. Alisukuma mpaka mdomo wa sirinji ukateleza kwenye kifutio na maji yakamrukia jirani yake usoni. Maji yenyewe hayakusogea hata alama moja.

Kwa watoto wakubwa, hapa pana hesabu tamu. Robert Boyle alionyesha mwaka wa 1662 kwamba ukipunguza ujazo wa gesi kwa nusu, huku joto likibaki vilevile, shinikizo lake huongezeka maradufu. Shinikizo la hewa Nairobi ni kama kilopaskali 83. Pistoni ya sirinji hii ina upana wa karibu sentimita 2, yaani eneo la kama sentimita 3 za mraba. Kuifikisha hewa kutoka 20 hadi 10 unahitaji nguvu ya kama nyutoni 25, zaidi kidogo ya uzito wa pakiti ya unga ya kilo mbili. Simamisha sirinji juu ya kifutio, weka pakiti ya unga juu ya pistoni, ishikilie isianguke, usome. Itashuka hadi karibu na 11, na msuguano wa pistoni huibia kidogo. Weka pakiti ileile juu ya maji: haishuki.

Mtoto mwingine ataleta sponji. "Mwalimu, hii ni yabisi na inabanika." Mkumbushe mchanga. Achovye sponji majini, aibane humohumo ndani ya maji, na atazame kinachotoka.

Kufikia hapa waulize swali moja tu, wala usilifafanue: ikiwa kati ya chembe za maji pana nafasi kama mlivyochora, kwa nini hazikusogeleana?

Hatua ya 4: Pima uzito wa kila kimoja

Kokoto: ipime kwenye mizani, kisha itumbukize kwenye jagi la maji na uone maji yamepanda kiasi gani. Ya kwangu ya juzi ilikuwa gramu 130 na ilipandisha maji kwa mililita 50. Gawanya: gramu 2.6 kwa kila mililita. Maji: mililita 100 ni gramu 100, hapana mjadala.

Hewa ndiyo kazi. Wengi hutumia puto, na hapo huharibu, kwa sababu puto likivimba, hewa ya nje hulibeba kwa nguvu iliyo karibu sawa na uzito wa hewa uliyoitia ndani. Mizani haioni kitu na mtoto anaondoka akiamini hewa haina uzito. Tumia mpira wa kandanda, kwa kuwa haubadiliki ukubwa. Uache uwe laini lakini umejaa, usiwe umebonyea popote, uweke juu ya kizibo kwenye mizani usibingirike, soma. Kisha pampu mpaka uwe mgumu wa kuchezea, soma tena. Huongezeka kama gramu 4 au 5.

Lita ngapi hizo? Jaza chupa za lita moja maji, zipindue ndani ya beseni la maji, na uingize hewa ya ziada kutoka kwenye mpira kwa mrija mwembamba uliounganishwa na sindano ya pampu, mpaka mpira urudi ulaini wa mwanzo. Hesabu chupa. Ukipata chupa nne kwa gramu nne umefanya vizuri sana. Mizani ya jikoni haikupi usahihi zaidi ya huo. Lita moja ya hewa ya Nairobi ina uzito wa karibu gramu 1. Mombasa, ambako shinikizo ni kubwa zaidi, ni kama gramu 1.2. Lita moja ya maji ni gramu 1,000.

Andika namba hizo tatu ubaoni kwa ukubwa: kokoto 2.6, maji 1, hewa 0.001. Mruko mkubwa uko wapi? Kati ya yabisi na kiowevu, au kati ya kiowevu na gesi?

Hatua ya 5: Maji yaleyale, hali tatu

Mwanafunzi mkaidi, nami nampenda huyo, atasema kokoto na maji ni vitu tofauti kwa hiyo huwezi kuvilinganisha. Ana haki. Toa barafu yako kwenye friza. Ulianza na mililita 100, na sasa barafu imepita alama: imefika kama 109. Gramu ni zilezile 100.

Hapa yabidi ukiri kitu. Maji ni mkorofi. Yakiganda, molekuli zake, yaani zile chembe zake, hujipanga kwa mpangilio wenye uwazi ndani yake, ndiyo maana barafu huelea. Vitu vingi haviko hivyo. Yeyusha nta ya mshumaa kwenye mkebe mdogo uliokaa ndani ya maji moto, kisha tia kipande cha nta kigumu: kinazama. Iache igande na utaona uso wake umebonyea katikati, kwa kuwa imepungua. Lakini iwe barafu iliyovimba au nta iliyonywea, tofauti ni ndogo. Tunazungumzia mia na tisa kwa mia moja.

Sasa mvuke. Chemsha maji kwenye sufuria wazi na mtoto asome kipimajoto kila baada ya nusu dakika. Kitapanda, kitapanda, kisha kitaganda mahali pamoja hata ukiongeza moto; moto wote sasa unaenda kuzitenganisha chembe, si kupasha maji. Kwetu Nairobi, tulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hugandia kwenye 94 au 95. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilirudisha vipimajoto viwili dukani nikidai ni vibovu, kwa sababu kitabu kilisema 100. Muuzaji akanibadilishia bila neno. Vipya navyo vikasoma 95, na sikuwa na uso wa kurudi tena. Mia ni ya pwani. Juu huku hewa inakandamiza maji kidogo, hivyo chembe huponyoka mapema, na ndiyo maana maharagwe ya githeri huchukua muda zaidi kuiva kwenye sufuria wazi hapa kuliko Mombasa. Mwalimu anayewaambia watoto wa Nairobi waandike 100 huku wakitazama 95 anawafundisha kutoyaamini macho yao.

Zile gramu 100 za maji, zikigeuka zote kuwa mvuke kwa shinikizo la hapa, hujaza kama lita 200. Pipa zima. Barafu mililita 109, maji mililita 100, mvuke mililita 200,000. Watoto hawaamini, na sina pipa la kuwaonyesha, basi huja mkebe wa soda.

Tia kijiko kimoja cha maji ndani ya mkebe mtupu, uweke juu ya moto mdogo. Subiri mvuke utoke kwa nguvu kama dakika moja, mpaka uwe umefukuza hewa yote. Andaa beseni la maji baridi kando. Shika mkebe kwa koleo, upindue kwa haraka mdomo ukizama majini. Utakunjamana kwa kishindo, kana kwamba umekanyagwa na lori. Kazi hii afanye mtu mzima. Mvuke huunguza vibaya kuliko maji yenyewe. Ulichokiona ni hiki: mvuke uliojaza mkebe wa mililita 330 umerudi kuwa maji, na maji hayo ni kama matone matatu tu. Nafasi iliyobaki haina kitu cha kuilinda na hewa ya nje.

Mara ya kwanza huwa hakuna anayesema kitu. Mara ya pili wote wanataka kushika koleo.

Hatua ya 6: Rangi

Bilauri mbili, moja ya maji baridi, nyingine ya maji moto. Ziache zitulie, kisha dondosha tone moja la rangi ya chakula katika kila moja bila kukoroga. Ya moto huenea upesi, ya baridi polepole. Dondosha tone la tatu juu ya kipande cha barafu: linateleza pembeni, haliingii ndani. Chembe za kiowevu husafiri, tena kwa kasi zaidi zikipashwa joto. Za yabisi hutikisika palepale zilipo. Mskoti Robert Brown aliona kupitia hadubini mwaka wa 1827 vijipande vidogo kutoka kwenye chavua vikitikisika majini bila kusukumwa na mtu, na mwaka wa 1905 Albert Einstein akaonyesha kwa hesabu kwamba ni molekuli za maji zinazovigonga.

Hatua ya 7: Warudishie karatasi

Sasa wagawie michoro yao ya asubuhi pamoja na kalamu nyekundu.

Anza na gesi, kwani ndiyo yenye kosa kubwa zaidi. Maji yakiwa mvuke huchukua nafasi mara 2,000. Nafasi ina pande tatu, kwa hiyo tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mara tatu unapata 2,000. Ni 12 na ushei. Ikiwa kidoti chako kina upana wa nusu sentimita, kidoti jirani kwenye gesi kinapaswa kuwa sentimita sita kutoka hapo. Wapime visanduku vyao. Vingi vina upana wa sentimita sita au saba. Yaani kisanduku chote cha gesi kinabeba kidoti kimoja, na pengine cha pili kinachungulia pembeni. Wengi walikuwa wameweka kumi na tano.

Kisha kiowevu. Gramu zilezile, nafasi karibu ileile na yabisi, hakibanwi hata kwa pakiti ya unga. Chembe zake lazima ziwe zimegusana. Kwa hiyo kisanduku cha kiowevu kinajaa karibu sawa na cha yabisi. Tofauti ni kwamba safu zimevurugika na hakuna chembe yenye kiti chake. Fikiria basi la jioni kutoka mjini lililojaa mpaka mlangoni. Watu wamegusana bega kwa bega, humwoni hata anayeshuka, lakini makanga anapenya kutoka mbele hadi nyuma akikusanya nauli. Hicho ndicho kiowevu. Umbali haukukitenga na yabisi. Kilichokitenga ni ruhusa ya kupishana.

Jedwali la sifa, lile la umbo, ujazo, kubanika, msongamano na kutiririka, waache walijaze sasa. Huwachukua dakika tano, na siwasaidii.

Hatua ya 8: Wapeleke jikoni

Waonyeshe mtungi wa gesi. Mwambie mmoja auinue kidogo na kuuinamisha taratibu, jiko likiwa limezimwa: ndani kuna kitu kinachocheza. Hiyo ni gesi iliyobanwa mpaka ikawa kiowevu. Kilo sita hukaa katika lita kama 11 hivi. Ukiiachilia hapa Nairobi inajaza zaidi ya lita 3,000, sawa na mapipa makubwa kumi na matano. Na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hulala sakafuni kama maji yasiyoonekana, ikingoja cheche. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, usiguse swichi yoyote, wala ya kuwasha wala ya kuzima.

Mwisho, weka birika jikoni na mwulize kila mmoja aonyeshe kwa kidole mvuke uko wapi. Wote wataelekeza kwenye wingu jeupe. Waambie watazame karibu zaidi, bila kusogeza uso, pale kati ya mdomo wa birika na mahali wingu linapoanzia. Pana upenyo wa sentimita moja au mbili ambao hauonyeshi kitu chochote. Waulize ni wapi palipo na gesi na ni wapi palipo na kiowevu, kisha kaa kimya uwasikilize wakibishana.